Mti Ndio Ulioinama

Kila mchongaji ninayemfahamu hapa Rusizi amekwisha kuulizwa swali hili. Mgeni anafika, anashika sanamu, anaigeuzageuza, halafu anamwambia mkalimani: muulize, msukumo wa kazi yake anaupata wapi? Mkalimani hana neno moja la kulibeba swali lote. Siku nyingine anauliza, "Wazo hili umelitoa wapi?" Siku nyingine, "Ni nini kilikusukuma?" Na nimewahi kusikia likitafsiriwa kwa Kiswahili chetu cha Bukavu: "Papa, hii kitu inatokaka wapi?" Kumbe hayo ni maswali matatu. La kwanza linauliza kichwa, la pili linauliza moyo, la tatu linauliza njia. Wachongaji wengi husikia lile la tatu, na hulijibu vizuri kabisa: mti niliukata mahali fulani, tezo nilifundishwa na mjomba, kiti cha namna hii ndicho walichokalia wazee wetu. Mgeni anasikiliza kwa adabu, lakini kalamu haiandiki. Anangoja vita.

Maoni yangu ni haya, na nitajaribu kuyatetea mbele yenu, wenzangu wa kambini na ninyi wa mashirika mnaosoma jarida letu. Vita ndivyo vilivyomleta mchongaji hapa, lakini vita havijui kushika patasi. Tukichanganya mambo hayo mawili tunaiharibu kazi yake, na haichukui muda tunamharibu na yeye mwenyewe.

Nianze na kitu ambacho wengi wetu tulikiona. Mwaka jana, kwenye Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, zilipangwa meza za kazi za mikono. Juu ya meza moja palikuwa na sanamu ya mama, urefu wake kama kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole. Amebeba beseni kichwani, mwili umeinama kidogo upande wa kushoto. Mbele yake kikaratasi kilichochapwa: "Uchungu wa Safari. Kazi ya mkimbizi kutoka Kongo." Watu walipita, wakasoma, wakatikisa vichwa, wakapiga picha. Waliosoma kikaratasi walikuwa wengi kuliko walioitazama sanamu.

Mimi niliitazama. Beseni limetulia sawasawa, ungeweza kulijaza maji yasimwagike. Shingo imenyooka. Mabega yameshuka, hayana wasiwasi. Mama huyo hakimbii, wala halii. Anafanya kile ambacho mama zetu hufanya wakipanda mlima kutoka soko la Kamembe: mwili unafuata njia, mzigo unabaki sawa. Kuinama kote kumewekwa chini ya kifua, na juu ya kifua hakuna kinachotikisika. Hapo ndipo penye ufundi. Upungufu nao upo, sitauficha. Miguu ni minene na imekatwa haraka, kama vile fundi alichoka kabla ya kufika chini, na vidole ni mikwaruzo tu. Lakini kutoka kiunoni hadi kwenye beseni, hiyo ni kazi ya mtu anayejua uzito unavyokaa mwilini.

Nikamwuliza fundi kwa nini alimwinamisha. Akacheka. "Mwalimu, mti ndio uliinama. Ilikuwa tawi ya avoka, yenyewe ilikuwa imepinda. Miye niliifata tu."

Basi hicho ndicho chanzo: tawi la avoka, na jicho lililomwona mama ndani yake. Jibu hilo halikuwemo kwenye kikaratasi. Hata jina lake halikuwemo. Mimi pia silitaji hapa, kwa sababu mwenyewe aliniomba, na mtu aliyekimbia ana sababu zake. Ila kuombwa ufiche jina na kutokumbuka kabisa kuliuliza ni mambo mawili tofauti. Kikaratasi hakikutaja jina, hakikutaja mti, hakikusema alijifunza kwa nani. Kilitaja nchi, hadhi ya kisheria na machozi.

Jambo hili halikuanza na sisi. Wachongaji wanaojulikana kuliko wote Afrika Mashariki, Wamakonde, nao ni watu waliovuka mto. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wengi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji ya Wareno, wakiacha nyuma kodi na kazi za kulazimishwa, wakatafuta vibarua kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Kwao walikuwa na vinyago vya mapiko, ambavyo mchezaji huvivaa kichwani, kwa hiyo huchongwa kwa mti mwepesi. Upande wa pili walikutana na soko la Dar es Salaam na wanunuzi waliotaka mpingo, mti mzito na mgumu, mweusi kwa ndani na mweupe karibu na gome. Mpingo mara nyingi haunyooki, huota ukijipinda.

Katika mpingo huo, miaka ya 1950, Samaki Likankoa alianza kuchonga mashetani: viumbe wenye jicho moja, mkono mmoja, mwili uliojikunja wenyewe. Husimuliwa kwamba mtindo ulianza siku sanamu yake ilipovunjika mkono. Hakuitupa, akaendelea na kilichobaki, na mfanyabiashara Mohamed Peera akakipenda na kumtaka achonge vingine. Masimulizi ya namna hii hupambwa njiani, lakini tazama yanapoweka chanzo. Yanakiweka kwenye mti uliovunjika, kwenye mashetani wa hadithi za kwao alizokua nazo, na kwa mnunuzi aliyekuwa tayari kulipa. Bila kuvuka Ruvuma asingekutana na Peera, hilo ni kweli. Lakini hakuna anayeyatazama mashetani ya Samaki akasema, "Maskini, mhamiaji huyu." Tunasema, "Huyu mtu aliona nini?"

Mfano wa pili una funzo zaidi kwetu. Roberto Yakobo Sangwani, naye kutoka Msumbiji, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ule mtindo wa watu wengi waliopandana katika gogo moja. Uliitwa dimoongo, na inaelezwa kwamba kazi ya kwanza ilimwonyesha bingwa wa mieleka akiinuliwa juu na wenzake. Halafu likaja Azimio la Arusha la 1967, na mtindo ukapewa jina la ujamaa. Leo mtalii anayenunua sanamu hiyo Mwenge, Dar es Salaam, huambiwa kwamba ni siasa ya Nyerere iliyochongwa. Jina jipya lilisaidia kuuza, na watu waliopandana kweli wanaweza kusomwa kama jamaa moja. Siligombi. Lakini anayejua kwamba chanzo ni uwanja wa mieleka huona kitu ambacho mwingine hakioni: aliye juu anashangiliwa, na walio chini misuli imewatoka. Kuna furaha mle, na kuna jasho. Kikaratasi kikishabadilika, macho nayo hubadilika.

Sasa nirudi karibu na kwetu. Kutoka Kamembe tunaiona Bukavu kwa macho. Nyuma ya milima yake, njia ya kwenda Mwenga na Shabunda, ndiko kwa Warega. Kati yao kulikuwa na Bwami, chama cha hekima chenye ngazi, ambacho ngazi yake ya juu kabisa ni kindi. Vitu vyake vya mti na vya pembe za ndovu viliitwa masengo, yaani vitu vizito, na uzito wenyewe haupimwi kwa kilo. Hakuna hata kimoja kinachosema peke yake. Kinyago kidogo kiitwacho lukwakongo, chenye uso uliopakwa udongo mweupe na ndevu za nyuzi, kinaweza kuwekwa usoni, kushikwa mkononi, kutundikwa kwenye ua au kuburutwa chini kwa ndevu zake. Kila kinapowekwa kina methali yake na funzo lake. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyefanya utafiti kwa Warega miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu Lega Culture mwaka 1973, alieleza hivyo: ukiondoa methali, ngoma na watu waliokusanyika, umbo linabaki lakini maana imeondoka. Warega wana neno busoga, ambalo hubeba uzuri na wema kwa pamoja. Kitu kizuri kisichofundisha wema hakijatimia.

Kuna sanamu yao moja inayonifanya niifikirie sana mahali hapa tulipo. Inaitwa Sakimatwematwe, mwenye vichwa vingi, sura zake zikitazama pande mbalimbali. Methali yake inamtaja aliyemwona tembo ng'ambo ya mto mkubwa. Ni sifa ya mzee mwenye busara, anayetazama pande zote kabla ya kuamua. Sasa fikiri mchongaji wa Nyarushishi aichonge leo, aiweke kwenye meza ya mwezi wa sita. Kikaratasi ninakijua kabla hakijachapwa: "Mkimbizi anatazama nyumbani, ng'ambo ya Rusizi." Watu watasoma na kuhuzunika. Na methali ya haki na hekima, iliyorithishwa kizazi baada ya kizazi, itakufa palepale juu ya kitambaa cha meza, tena itauawa na watu wenye nia njema.

Serikali ya Wabelgiji ilikipiga Bwami marufuku miaka ya 1930, na tena miaka ya 1940. Masengo mengi yakaishia mikononi mwa wakusanyaji na katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani, ikiwemo ile ya Tervuren, Ubelgiji. Vitu vya namna hiyo kwa kawaida huandikiwa kabila, nchi, aina ya mti, na maneno "msanii hajulikani." Ni kweli kwamba Bwami wenyewe hawakumtukuza mchongaji. Waliotukuzwa ni kitu na mwenye kukitunza. Lakini walijua kimepita mikononi mwa nani na nani, kutoka kwa marehemu hadi kwa mrithi. Kikaratasi cha makumbusho kilikata mnyororo huo. Kikaratasi cha tarehe 20 Juni kinaukata vilevile, kwa upole zaidi: kinataka mchongaji aanzie pale alipovuka mpaka, utadhani alizaliwa juu ya daraja.

Najua kuna atakayenijibu: "Mwalimu, unataka tujifanye hatukukimbia?" Hapana. Nakuonyesheni kazi nyingine ambayo ukimbizi umo ndani yake kuliko zote nilizoziona huku, na hata sura ya mtu haina.

Kijana mmoja aliyeingia kwa njia ya Bugarama amechonga bidoni ya maji. Bidoni tu, ukubwa wa ile ya lita tano. Amechonga mkono wake, ule mstari wa mshono unaozunguka plastiki, na mahali pa kifuniko amechonga gunzi la mhindi, kwa kuwa kila mmoja wetu anajua kifuniko ndicho kinachotangulia kupotea. Mti ni inturusu, na inturusu ina tabia ya kupasuka ikianza kukauka. Huu ulimpasukia ubavuni wakati kazi imefika katikati. Hakuutupa. Ule ufa aliuzungushia kovu, kama lile la plastiki iliyoyeyushwa kwa moto kuziba tundu. Ukiishika unaikumbuka foleni ya bomba, unaikumbuka njia, unamkumbuka aliyekunywa wa mwisho. Lakini kijana hakuanza na huzuni. Alianza kwa kukitazama vizuri kitu alichokibeba kila siku, na mti ulipomgomea akausikiliza. Hakumjua Samaki, na alifanya alichofanya Samaki. Bidoni hiyo haikununuliwa. Mgeni mmoja aliuliza inafanya kazi gani, kisha akaiweka chini akachukua mama mwenye beseni.

Hapo ndipo linapoanza jambo linaloniuma na kunifanya niandike. Mama aliyeinama aliuzwa siku ileile, na maagizo yakaja: watatu zaidi, halafu watano. Yule fundi mwanzoni alitafuta matawi yaliyopinda. Yalipokwisha akachukua vipande vilivyonyooka, akawa anawapinda akina mama kwa patasi. Mjuzi wa mti anajua kinachofuata. Ukichonga pindo kwenye mti ulionyooka, unazikata nyuzi zake, na penye pindo panabaki nyuzi fupi zisizoshikana. Nimeiona mmoja wa hao ikianguka kutoka kwenye stuli, si mbali, ikavunjika kiunoni. Na hata kabla ya kuvunjika ilikuwa imekwisha kuharibika. Beseni linayumba. Shingo nayo imeinama, kwa sababu sasa huzuni imeagizwa na lazima ionekane hadi juu. Yule mama wa kwanza aliubeba mzigo wake. Hawa wa baadaye wamebebeshwa.

Na fundi huyu, kabla ya kuagizwa machozi, alikuwa anachonga vinu. Mama zetu wanatwanga sombe, kinu hakikai bila kazi. Aliniambia neno ambalo kwangu linazidi mafunzo mengi ya sanaa: "Kinu mubaya, mama anakirudisha. Sanamu mubaya, hakuna anayeirudisha." Tufikirie maneno hayo. Mama wa sombe ni mkosoaji. Anagonga ukingo, anasikiliza mlio, anapitisha kidole ndani kutafuta ufa, anakataa. Mnunuzi mwenye huruma hakatai kitu. Na kazi isiyokataliwa na mtu hainyooki. Hapa Rwanda wenyeji wetu wanalijua hili kwa vyombo vyao vya mti, isekuru ya kutwangia, inkongoro ya maziwa, umuvure wa kutengenezea pombe ya ndizi. Ukingo wa inkongoro ni mwembamba na laini kwa sababu mdomo wa mtu utaugusa. Mdomo ndio uliouchonga.

Kwa hiyo nina maneno kwa pande zote mbili.

Kwenu ninyi wa mashirika. Swali la msukumo si baya, lakini liulizeni kwa namna linavyoweza kujibiwa. Ulizeni ni mti gani, umepatikanaje, nani alikufundisha, nani atakitumia, na ni wapi ulikwama. Majibu hayo ndiyo myaandike kwenye kikaratasi, pamoja na jina, kama mwenyewe ameridhia. Halafu fikirieni mti wenyewe. Huku mti haukatwi hivihivi, kinatakiwa kibali. Nyungwe ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na hakuna anayepaswa kuigusa. Ng'ambo tulizoea mbao za libuyu na muvula. Hapa fundi anaomba tawi la avoka kwa jirani, au anashindana na jiko kwa kipande cha inturusu. Wakamba wa Kenya, muhugu ulipoanza kuwa adimu, wengi wao waligeukia mwarobaini, jakaranda na mwembe, na leo sanamu nyingi za huko ni za miti hiyo inayopandwa. Nasi tunaweza kupanda, na tunaweza kununua matawi yanayopogolewa. Rundo la matawi makavu, tezo mbili na jiwe la kunolea vitamsaidia fundi kuliko semina ya kusimulia maisha yake.

Kwenu wachongaji, wazee wangu na ndugu zangu. Mtu akilipia huzuni, ni vigumu kumkatalia wakati watoto wanataka kula. Silaumu. Uzeni mnachoweza. Ila pembeni ya kile mnachoagizwa, kiwepo kitu kimoja ambacho mti wenyewe umekiomba, au ambacho jirani atakitumia na kukirudisha kikiwa kibaya. Hicho ndicho kitakachowatunza mikono.

Muda wenyewe si mwingi. Nyarushishi ni kituo cha mpito. Leo fundi na anayejifunza kwake wako chini ya turubai moja, wiki ijayo mmoja amepandishwa gari kwenda Mahama na mwingine amebaki, au amerudi ng'ambo. Ufundi wa mti haujifunzwi kwa maelezo. Unajifunzwa kwa kukaa karibu na mwenye tezo, kuona anapoigeuza, kuona anaposita. Kijana akimkuta fundi wake anapinda akina mama wa kuagizwa, hicho ndicho atakachobeba kwenda nacho, akiamini kwamba ndiyo kazi ya mababu. Akimkuta anapitisha kidole juu ya tawi akitafuta lilikoelekea, atabeba hicho. Vyote viwili ni vyepesi kuvibeba kwenye gari. Sisi tunaonunua, tunaoandika vikaratasi na tunaoandika makala kama hii, tunachangia kuamua atabeba kipi.